Saa Nane ya Kompyuta

"Ama ulifungua wewe, mzee, ama ulilala fofofo wakafungua wengine. Chagua moja."

Mkaguzi alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mzee Popo. Mtu akikufokea, unaweza nawe kumfokea, au angalau ukanuna. Lakini mtu anayekushtaki kwa sauti ya kukukaribisha sebuleni utamfanya nini? Mzee Popo alisimama mbele ya meza ya meneja wa bohari ya rangi, kofia mkononi. Viti viwili vilikuwa vitupu, naye alikuwa ametoka kukesha, ila hakuna aliyemwambia aketi.

"Kufungua nini?" aliuliza.

"Kompyuta ya karani." Mkaguzi alisukuma mbele bunda la karatasi. "Hizi ni kumbukumbu za miezi mitatu. Kila mstari una saa yake. Tazama mwenyewe. Saa nane na dakika kumi na nne usiku. Saa nane na nusu usiku. Saa tisa usiku. Kila siku ya kazi kuna mtu anakaa kwenye kompyuta ile anaingiza rangi na kutoa rangi wakati wenzake wako kwenye ndoto. Sasa niambie, usiku humu ndani huwa kuna nani?"

"Kuna mimi."

"Umeona?"

Mzee Popo alizitazama zile karatasi. Jina hilo la Popo alipewa na wapakiaji wa bohari, miaka ishirini na minane iliyopita, kwa sababu ya kukesha kwake. Wengine wangekasirika kuitwa mnyama anayening'inia kichwa chini. Yeye alilipenda. Walinzi wangapi walikutwa wamejifunika koti wanakoroma? Yeye, siku hata moja. Hakuwa na shamba, hakuwa na cheo, hakuwa na nyumba ya kujisifia, lakini hilo la kutolala lilikuwa lake peke yake.

"Kuna kopo lililopotea?" aliuliza.

"Hata moja. Makopo yote yapo," alisema mkaguzi. "Na hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Mwizi anayechukua tunamjua. Huyu anayeingia kila usiku asichukue kitu, ana lake jambo."

"Kitabu cha zamu kipo. Kila saa ninatia sahihi."

"Kitabu unaandika wewe, mzee. Kompyuta inajiandikia yenyewe. Haina mjomba wala shangazi humu ndani, kwa nini ikusingizie?"

Mzee Popo alimtazama meneja, mtu ambaye yeye amemfungulia geti kwa miaka sita. Meneja alikuwa akichunguza kifuniko cha kalamu yake kana kwamba ameuziwa kibovu. Ndipo aliposimamishwa kazi kwa siku tisa, hadi Ijumaa ya juma la pili, uamuzi utolewe.

Ukumbini meneja alimfuata, akamshika kiwiko.

"Nisikilize vizuri. Ukikataa yote mawili, wataona ni wewe uliyefungua, na hapo hata mimi siwezi kukuokoa. Ukikubali kwamba ulilala, ni onyo tu, unarudi kazini. Niletee barua Ijumaa, ya ukurasa mmoja, ya kuomba msamaha. Usingizi ni ubinadamu, mzee wangu."

"Lakini sikulala."

"Barua," alisema meneja, akampigapiga begani kama anayemfuta vumbi.

*

Mkewe alikuwa akishona sare za shule katika karakana moja mtaa wa pili. Alikuwa akitoka nyumbani asubuhi kabla mumewe hajarudi, akirejea jioni mumewe akiwa mbioni kutoka. Kwa miaka yote hiyo walikutana mlangoni, mmoja akivua viatu, mwingine akivaa. Kitanda kilikuwa kimoja, na kila mmoja alilala humo peke yake, huyu usiku, yule mchana. Watoto watatu waliwapata kwa siku za mapumziko, mtu akitaka kucheka acheke.

Sasa Mzee Popo alikuwa nyumbani saa zote, na ilikuwa kama kuna mgeni ambaye hakuna anayejua ataondoka lini. Usiku wa kwanza walipolala pamoja mkewe alimgonga na kiwiko mara tatu.

"Samahani, baba watoto. Nimezoea kulala katikati."

"Lala tu. Mimi nitajibanza huku ukutani."

Alijibanza. Hakupata hata lepe la usingizi. Mwili wake ulikuwa umeshasahau namna ya kulala gizani, akawa amelala chali akihesabu pumzi za mkewe. Mchana ndipo usingizi ulipomjia, akapitiwa hapo hapo kitini mlango wazi, na jirani akapita akamkuta kinywa wazi.

"Haa, jirani! Kumbe nawe hulala?" alisema jirani akicheka. Habari zilikuwa zimekwisha kufika mtaani. Habari kama hizo hazihitaji nauli.

Mkewe alimpikia, akamfulia, akamwambia kila jioni, "Mimi nakuamini, baba watoto." Lakini baada ya kuamini palikuwa na "ila." Siku ya pili alisema, "Ila, hebu fikiri vizuri. Huenda ulifumba macho kidogo tu." Siku ya tatu, akiwa anakunja nguo, aliuliza bila kumtazama, "Na hiyo saa nane, kila siku saa nane, ulikuwa palepale bohari? Hukuwa umepita mahali?"

"Mahali gani?"

"Mimi naulizia tu."

"Mke wangu, nina miaka hamsini na saba. Goti hili la kulia likipanda ngazi linalia. Nipite mahali kufanya nini?"

Mkewe alicheka, naye akacheka, lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa na kicheko hakilirudishi kinywani mwa mtu.

Binti yao mkubwa naye alipiga simu kutoka alikoolewa. "Baba, kubali yaishe. Kama ulisinzia, sema ulisinzia. Nani hasinzii? Mimi hapa nasinzia nikimnyonyesha mtoto."

"Wewe hulipwi kumlinda, mama."

"Ndiyo hayo, baba! Ukifukuzwa, nani atamwajiri mzee wa miaka hamsini na saba?"

Alichojua Mzee Popo ni kwamba binti yake hakuuliza, "Baba, ulilala?" Alianza moja kwa moja kwenye msamaha. Wote walianzia hapo. Mzee Popo aliiweka simu mezani akaona chumba kimekuwa kikubwa kuliko kilivyo.

*

Barua iliandikwa Alhamisi jioni. Mkewe ndiye aliyeshika kalamu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

"'Mimi niliyetajwa hapo juu,'" alisoma mkewe akiandika, "'ninakiri kwamba katika zamu zangu nilipitiwa na usingizi...'"

"Mara ngapi?"

"Tuseme mara kwa mara. Karatasi zao ni za miezi mitatu."

"Mara kwa mara," alirudia Mzee Popo. "Miezi mitatu nimelala."

"Si karatasi tu, jamani? Karatasi haikung'ati." Akaendelea, akachagua maneno kama anavyochagua vifungo, kimoja kimoja. "'Kutokana na uchovu na umri.' Umri uwepo, wataona huruma."

Aliandika vizuri, barua ikatoka safi, bila kufuta neno. Mzee Popo alitia sahihi. Mkewe akaikunja mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akaiweka mwenyewe katika mfuko wa shati la mumewe, akaubana mfuko kwa pini.

*

Ijumaa alifika bohari saa mbili kasorobo. Getini palikuwa na mlinzi mgeni, wa kukodiwa, ambaye alimsukumia daftari la wageni.

"Jina, unakotoka, unayekwenda kumwona. Simu weka kwenye kisanduku."

Sheria ya simu aliijua. Yeye ndiye aliyekitunza kisanduku hicho usiku. Mtu yeyote asiingie na simu, hata meneja. Lakini daftari la wageni! Mzee Popo alishika kalamu, na kwenye safu ya "unakotoka" akakaa akifikiri, kisha akaandika "nyumbani."

Karani alimkaribisha ndani. Alikuwa binti mwembamba, rika la kitinda mimba wake, na kwa mara ya kwanza Mzee Popo alikaa ndani ya ofisi hiyo asubuhi. Siku zote walisalimiana dirishani, yeye akiwa nje ya nondo, anaondoka.

"Pole, mzee," alisema karani, macho chini. "Meneja anafika saa tatu. Subiri hapo kwenye benchi nami niwashe hili gogo."

Gogo hilo lilikuwa kompyuta ya zamani yenye kioo chenye kisogo kikubwa. Karani alibonyeza, ikakohoa, ikalia mlio mmoja mrefu, kisha ikasimama, kioo cheusi na maandishi meupe.

"Si unaiona? Kila asubuhi hivi hivi, mwezi wa tatu huu. Meneja anataka swichi kuu izimwe jioni ili umeme usitumike bure, na hii ikizimwa tu inasahau kila kitu. Inadhani ni miaka ishirini nyuma. Haisogei mpaka uiambie tarehe na saa." Alitazama kalenda ya mezani, akaandika tarehe. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi. Basi bila hata kugeuka, kwa mazoea, karani akauliza, "Mzee, saa ngapi?"

Ndivyo alivyomuuliza kila asubuhi kwa miezi mitatu, kupitia nondo za dirisha. Na Mzee Popo alilipenda swali hilo kuliko alivyoweza kumwambia mtu. Wapakiaji walimpita wakisinzia, meneja aliinua kidole kimoja juu ya usukani, lakini huyu binti alitaka kitu kutoka kwake, naye alikuwa nacho. Akatazama mkononi.

"Saa mbili na dakika kumi."

Karani akaandika. Na kwa kuwa leo alikuwa ndani, si nje ya nondo, Mzee Popo aliona kidole kikigonga mbili. Kikagonga moja. Kikagonga sifuri. Mashine ikaridhika, ikaanza kuwaka.

Kusoma Kizungu Mzee Popo hakujua, lakini tarakimu alizijua. Alisimama.

"Mwanangu, umeandika nini hapo?"

"Saa uliyonitajia."

"Umeandika mbili."

"Si umesema saa mbili?"

Mzee Popo alisogea mezani, akanyoosha mkono wenye saa hadi karibu na pua ya karani. "Hebu tazama. Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye nane."

"Mimi naona nane nasema mbili, kwa sababu ndivyo tunavyosema. Wewe unasikia mbili, unaandika mbili. Na mashine hii, mwanangu, haijui Kiswahili. Ukiiambia mbili inajua ni saa nane ya usiku."

Karani alitazama pembeni mwa kioo, ambako saa ndogo ilikuwa imekwisha kuandika mbili na dakika kumi na moja.

"Mungu wangu," alisema. "Siku nzima nikiitazama naiona iko sawa. Ikisema tatu, ni saa tatu. Ikisema tano, ni saa tano. Hata sikuwaza... Nilipoulizwa kuhusu hizo karatasi nikasema mimi saa nane usiku niko kwangu nimelala, na ni kweli, mzee, sikukusingizia!"

"Najua."

"Usiseme, tafadhali." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilipoomba kazi nilisema nimesomea kompyuta. Nilisomea wiki mbili tu. Wakijua nimeshindwa kuweka saa watanitoa leo hii. Mama yangu ananitegemea mimi."

Mzee Popo alimtazama. Binti huyu ndiye pekee humu ndani aliyesema pole. Aligusa mfuko wa shati, bahasha ikatoa sauti.

"Hapa nina barua inayosema nimelala mara kwa mara kwa miezi mitatu. Nimetia sahihi. Sikulala, mwanangu. Nikiitoa hii, nitakuwa nimelala maisha yangu yote."

Karani alianza kulia. Alilia kama mtu mwenye haraka, akajifuta kwa kiganja, akaitazama ile mbili. Nje lori la kwanza lilipiga honi.

"Basi twende wote," alisema mwishowe. "Lakini niseme mimi mwenyewe. Usiniseme wewe."

*

Karani alieleza akiwa amesimama wima, na meneja mwanzoni hakuelewa.

"Yaani kompyuta haikukosea?"

"Haikukosea, bosi. Nimekosea mimi kuiambia."

"Hata huyu mzee anaweza kuwa amekufundisha maneno ya kusema."

Mzee Popo alisema tu, "Bosi, fungua za jana. Za juzi. Za siku zote tisa ambazo mimi nilikuwa kwangu."

Meneja alikwenda mwenyewe hadi kwenye kompyuta. Jana, saa nane na dakika kumi na mbili usiku. Juzi, saa nane na dakika tisa. Mlinzi wa kukodiwa naye alikuwa ameulizwa saa dirishani, naye akajibu kama anavyojibu kila mtu.

Hapo meneja alianza kucheka. Alicheka akiwa ameshika meza. Akampigia mkaguzi kwa simu ya ofisini, akaiwasha sauti ya juu, na mkaguzi naye akacheka huko aliko, kicheko cha mtu mpole aliyefunguliwa kamba. "Haijui Kiswahili! Nani amesema? Mlinzi? Lo, huyo mzee ni hatari!" Wapakiaji walichungulia, wakasimuliwa, wakacheka wao. Mzee Popo alisimama katikati ya vicheko hivyo, kofia mkononi, naye akatabasamu kwa kuwa uso ulihitaji kufanya kitu.

"Haya, mzee wangu," alisema meneja akifuta macho. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ingia zamu leo."

"Nitapewa barua? Ya kusema sikulala."

"Barua ya nini tena? Si tumeelewana?"

"Na hizi siku tisa?"

"Hesabu ulikuwa likizo."

Karani alipewa karipio, akabaki kazini. Kabla ya adhuhuri fundi alikuja, akafungua tumbo la ile kompyuta, akachomoa betri ndogo ya mviringo, pana kama kifungo cha koti. "Hii tu ndiyo iliyokufa," alisema. "Ndiyo inayoikumbusha saa umeme ukizimwa." Mpya ilikuwa bei ya soda moja.

*

Mzee Popo alikwenda moja kwa moja karakanani kwa mkewe, goti likilia. Hakuwahi kufika huko mchana. Vyerehani vinane vilikuwa vikinguruma, mkewe akiwa kwenye cha tatu, kichwa kimeinama, pini mdomoni. Ilibidi amwinamie sikioni amweleze yote: mbili, nane, dirisha, betri.

Mkewe alitema pini. Akasimama, akainua mikono yote miwili, uso ukamng'aa kama siku ya harusi.

"Jamani! Jamani nyamazeni! Kumbe hakulala! Mume wangu kumbe alikuwa macho siku zote!"

Vyerehani vikasimama, vigelegele vikapigwa. Wanawake wale walimpa mkono mmoja mmoja, wakamwita shujaa, na mkewe akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mara moja. Machozi yake yalikuwa ya kweli. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Mzee Popo alicheka nao, akashukuru, akaaga.

Njiani ndipo neno lilipomrudia. Kumbe. Ni neno dogo, linatoka lenyewe bila kuitwa, lakini halisemwi na mtu aliyekuwa akijua. Wapakiaji walisema kumbe, sawa. Jirani aliwahi kusema kumbe, mwache na umbea wake. Lakini huyu amekula naye miaka thelathini. Huyu alisema kila jioni kwamba anaamini, na ilibidi betri ya bei ya soda ije imhakikishie.

Mkewe aliomba ruhusa, akafika nyumbani saa kumi, amebeba kitoweo cha kusherehekea. Alimkuta mumewe ameshavaa sare, amekaa kitandani, ile bahasha mkononi.

"Mbona huna furaha?"

"Ninayo."

"Sura hiyo ndiyo ya furaha?"

Mzee Popo aliigeuza bahasha. "Ulipokuwa unaandika hii, uliona unaandika uongo, au unaandika kweli?"

"Nilikuwa naandika kitu cha kukuokoa, baba watoto."

"Sikuuliza hilo."

Mkewe aliketi upande wa pili wa kitanda, mgongo wake ukielekea mgongo wa mumewe. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa mwanamke mkweli, na miaka thelathini haikumfundisha kudanganya ana kwa ana.

"Nilidhani umelala," alisema. "Kila mtu hulala."

"Haya."

"Kosa langu liko wapi? Hata ungekuwa umelala ningekupenda vilevile."

"Najua," alisema Mzee Popo, na alijua kweli, na ndicho kilichomwuma. Aliinuka akachukua tochi yake na koti. Mkewe alisema chakula hakijaiva, angoje kidogo tu, wale pamoja siku hii moja. Alimjibu kwa upole kwamba hana njaa.

Zamu ilianza saa moja. Aliondoka saa kumi na moja.